Kijana Aliyepanda Rabai na Mwavuli

Wanangu, mkitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, mkafika Mazeras, mkakata mkono wa kulia kushika njia ya Kaloleni, muda si muda mtakuwa Rabai. Hapo ni Kaunti ya Kilifi. Vilima vimejaa minazi, hewa ni nyepesi kuliko ya mjini, na pana makumbusho madogo yaliyofunguliwa mwaka 1994. Watoto wa shule huletwa pale kwa basi, huandika majina na tarehe daftarini, kisha hurudi makwao. Leo nataka kuwasimulia yaliyo nyuma ya tarehe zile: jinsi mmishenari kijana alivyoishi kila siku mbali na kwao, na jinsi imani ilivyomshika siku ambazo hapakuwa na lolote la kumtia moyo.

Kwanza tuelewane. Mmishenari ni mtu anayetumwa na watu wa dini yake kwenda kuishi kwa watu wengine, ili awaeleze anachokiamini. Anaweza kuwa Mkristo au wa dini nyingine, anaweza kuwa mzee au kijana. Huyu wetu alikuwa kijana. Jina lake Johannes Rebmann, aliyezaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu, watu wa kusali nyumbani asubuhi na jioni. Alisomea umishenari Basel, nchini Uswisi, halafu akaenda London, akawekwa wakfu kuwa kasisi na kutumwa na Church Missionary Society, chama cha Kanisa la Uingereza ambacho wengi mnakijua kwa herufi zake, CMS. Aliposhuka Mombasa, Juni 1846, alikuwa na umri wa miaka 26.

Mwenyeji wake alikuwa Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, akiwa na barua ya kumtambulisha kutoka kwa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar. Haikupita miezi mingi, homa ikamchukua Rosine, na siku chache baadaye ikamchukua binti yao mchanga. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alibaki peke yake, akaendelea kujifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Lishikeni hili, wanangu: msomi wa Kiislamu alikaa na kasisi wa Kikristo, wakasaidiana kutafuta maneno. Hadithi ya dini katika pwani yetu ina ugomvi wake, lakini ina vikao kama hivyo pia.

Mwezi Agosti 1846 wanaume hao wawili walikwenda kuhamia Rabai. Walifuata mkono wa bahari unaoingia bara, kisha wakapanda kilima. Wote wawili walikuwa na homa, miguu inatetemeka. Zamani zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Watu walidhani inatoka kwenye hewa mbaya ya mabwawani. Wazee wa Rabai walikuwa wameshaulizwa, wakakaa baraza, wakakubali wageni wapate mahali pa kulaza ubavu. Kumbukeni kwamba wazee hawakulazimishwa. Wakati ule hapakuwa na serikali ya kikoloni huku, wala askari nyuma ya wamishenari. Warabai walikuwa na kaya yao, yaani makazi yao ya jadi msituni, na sheria zao, na Mungu wanayemwita Mulungu. Wageni walikaa kwa idhini ya wenyeji, na idhini hiyo ingeweza kuondolewa siku yoyote.

Sasa tuione siku ya mmishenari. Ninyi pengine mnadhani siku yake yote ni mahubiri. Sivyo. Kwanza ilibidi nyumba isimame: miti ichimbiwe, fito zifungwe, udongo ukandikwe, makuti yaezekwe. Msomi aliyezoea kalamu na vitabu alilazimika kushika jembe na panga, mbele ya watu wanaoijua kazi hiyo tangu utotoni. Baada ya kujenga kuna maji ya kuteka, chakula cha kutafuta, na mgonjwa wa kuuguzwa, na mara nyingi mgonjwa ni yeye mwenyewe. Kuna sala ya asubuhi na ya jioni, na kusoma Biblia, jambo ambalo Rebmann alilelewa nalo na hakuliacha. Halafu kuna kutembelea watu: kuketi barazani, kusalimia, kuuliza habari za shamba na mvua, kusema machache kwa lugha ambayo bado inamsumbua ulimi, na kusikiliza mengi.

Na wenyeji walikuwa na maswali yao. Mgeni huyu anataka nini? Mbona hafanyi biashara? Kama hanunui pembe wala sandarusi, amekuja kwa faida ya nani? Hayo ni maswali ya akili, na mmishenari asiyeweza kuyajibu kwa maisha yake hawezi kuyajibu kwa maneno. Watu walimkaribisha, wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye shughuli zao na kwenye mila zao. Siku ya Jumapili waliokuja kusali walikuwa wachache mno.

Sitawaficha upande wa pili. Rebmann na Krapf hawakuelewa mengi waliyoyaona. Ngoma ya mwanza, sherehe za kaya, pombe ya mnazi inayonywewa kwenye vikao vya wazee, yote hayo waliyaandika kwa maneno makali, kana kwamba hayana maana yoyote. Leo tunajua kwamba misitu ya kaya ilihifadhi miti, dawa, makaburi na historia ya Wamijikenda, ambao Warabai ni sehemu yao, na mwaka 2008 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia, kaya za Rabai zikiwemo. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa Mungu wake na bado akawa mwepesi wa kuhukumu jirani yake. Mnapowasoma watu wa zamani, yaoneni yote mawili.

Haya, sasa safari. Krapf alikuwa na ndoto ya kujenga vituo vya misheni kama mnyororo, kutoka pwani yetu mpaka upande wa pili wa Afrika. Kwa hiyo walianza kuingia bara. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka kwenda Uchagga. Hakubeba bunduki. Mkononi alikuwa na mwavuli. Lakini hakwenda peke yake, na hapa vitabu vingi hupita haraka. Aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa misafara, aliyezijua njia, visima, machifu na zawadi ambazo kila mmoja angezitaka. Pamoja nao walikuwepo wapagazi wachache, na majina ya wengi wao hatukuachiwa. Nyika ya Taru haina huruma kwa asiyeijua. Ni ujuzi wa Bwana Kheri uliomvusha Rebmann.

Tarehe 11 Mei, asubuhi, milima ya Uchagga ikawa mbele yao. Rebmann akaona kitu cheupe kilichokaa juu ya mlima mrefu kuliko yote. Akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwamba pale juu ni baridi. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, akatambua mara moja anachokitazama. Ile ilikuwa Kilimanjaro. Alipofika kwa Wachagga akawauliza, akakuta wanaijua theluji yao vizuri na wana jina lake. Rebmann hakuugundua mlima. Alikuwa mgeni aliyeonyeshwa na wenye nchi, akaandika alichokiona.

Habari ilichapishwa Uingereza mwaka 1849, na mabingwa wa jiografia wakaikataa. William Desborough Cooley wa London, aliyeandika sana juu ya Afrika bila kuikanyaga, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka huohuo, tarehe 3 Desemba, Krapf akauona Mlima Kenya na theluji yake kutoka Ukambani, naye pia hakuaminiwa. Rebmann hakwenda London kupigana maneno. Alibaki Rabai na kazi yake. Zaidi ya miaka 10 baadaye, 1861 na 1862, Mjerumani Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro, akapanda sehemu ya mlima, na ulimwengu ukakiri kwamba yule kasisi alisema kweli.

Wengine wangependa hadithi iishe hapo, kwa sababu mlima mkubwa unapendeza kusimuliwa. Mimi naona sehemu kubwa zaidi inaanzia hapo. Safari ya mwisho ya Rebmann bara, mwaka 1849, ilikwenda vibaya. Huko Machame, Uchagga, bidhaa zake zote ziliishia mikononi mwa chifu kwa jina la zawadi, na akarudi pwani mikono mitupu, amechoka na mgonjwa. Mwaka 1853 Krapf, afya ikiwa imeharibika, aliondoka. Rebmann alikaa. Alikuwa amefunga ndoa Misri mwaka 1851 na Emma, mjane Mwingereza, na wakaishi pamoja Kisulutini, hapohapo Rabai. Walipata mtoto mmoja, akafa angali mchanga. Mwaka 1857 wapiganaji wa Kimaasai walivamia eneo hilo, na Rebmann akalazimika kukimbilia Mombasa, kisha Zanzibar, karibu miaka 2. Mambo yalipotulia, akarudi kujenga upya.

Je, alifanya nini miaka yote hiyo? Alijifunza. Nataka mmtazame akiwa kazini. Miaka ya 1853 na 1854 alikaa na mtu aliyeitwa Salimini. Salimini alikuwa mtumwa katika nyumba moja ya Mombasa. Alitekwa upande wa Ziwa Nyasa, katika nchi tunayoiita leo Malawi, akatembezwa hadi pwani, akauzwa. Hakuwa na kitu duniani, lakini lugha ya mama yake hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Rebmann akamwomba amfundishe. Neno kwa neno: jina la mti, la chungu, la ndege, jinsi ya kusema nitakuja na sikuja. Salimini alitamka na kueleza, Rebmann akaandika. Kutokana na vikao hivyo kilizaliwa kitabu kilichochapishwa mwaka 1877, kamusi ya lugha ambayo leo mamilioni ya watu wa Malawi na nchi jirani huiita Chichewa au Chinyanja. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali ya mwenzake ndiye aliyekuwa mwalimu, na kasisi aliyesoma Basel na London akawa mwanafunzi.

Vivyo hivyo alikusanya maneno ya Kirabai na ya lugha ndugu zake za Mijikenda, yaliyotoka katika kamusi ya mwaka 1887. Aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Maneno aliyoyakusanya yaliisaidia kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, iliyotoka London mwaka 1882. Ramani aliyoichora mmishenari mwenzake Jakob Erhardt kwa ushirikiano naye, kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, ilionyesha ziwa kubwa ajabu katikati ya Afrika. Ziwa lenyewe lilichorwa vibaya, kwa sababu maziwa kadhaa yaliunganishwa kuwa moja, lakini ramani hiyo ndiyo iliyowasukuma wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke kuja pwani yetu na kwenda kutafuta. Walimtembelea Rebmann mwanzoni mwa 1857 na wakatamani afuatane nao. Hakwenda. Kazi yake ilikuwa Rabai.

Mnaweza kuniuliza: na Wakristo je, aliwapata wangapi? Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyependa kuzungumza na wamishenari habari za Mungu. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani, karibu kufa. Baada yake waliongezeka mmoja mmoja, kwa miaka mingi. Wageni waliopita Rabai kukagua kazi walishangaa na wengine wakasikitika: miaka yote hii, watu wachache namna hii! Kwa hesabu ya maripoti, Rebmann alishindwa.

Imani yenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kukaa. Kusifiwa, kufaulu na kuona matunda humtia mtu nguvu, na mwenye nguvu hizo haijulikani kama anaendeshwa na imani au na sifa. Rebmann alinyimwa vyote vitatu kwa muda mrefu. Mwaka 1866 Emma pia alifariki, akazikwa palepale. Macho ya Rebmann yalikuwa yanafifia, mpaka akawa kipofu. Aliamini kwamba alitumwa na Mungu kwa watu hawa, na kwamba kuwahesabu si kazi yake. Unaweza kuwa Mwislamu, Mkristo au mfuasi wa mila za kaya, na usikubaliane naye katika mafundisho; lakini uthabiti wa namna hiyo unautambua ukiuona.

Linganisheni na mgeni mwingine wa pwani hii. Mwaka 1542 kasisi Francis Xavier, akiwa safarini kwenda India na Wareno, alitua Malindi. Alimzika baharia mmoja, akazungumza na Mwislamu mmoja wa mji kuhusu ulegevu wa watu katika sala, kila mmoja akieleza hali ya watu wake, kisha akapanda merikebu akaenda zake. Kanisa dogo la Wareno bado lipo Malindi, na wageni hupelekwa kuliona. Xavier alikuwa mtu mkubwa, na kanisa lake linamwita mtakatifu. Lakini Malindi alipita tu. Anayepita huacha kumbukumbu. Anayekaa hubadilika, na hubadilisha.

Na mabadiliko yalikuja Rabai, kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Mwaka 1864 walifika William Jones na Ishmael Semler, vijana waliotekwa utotoni, wakaokolewa kutoka majahazi ya watumwa na kulelewa India, karibu na Bombay. Walijua utumwa kwa miili yao. Baadaye Jones aliisimamia Rabai, na watumwa waliotoroka mashambani wakaikimbilia kwa mamia. Mabwana wakaja kudai watu wao, hata ikaonekana damu itamwagika. Mwanzoni mwa 1889 George Mackenzie, wa Kampuni ya Imperial British East Africa, alilipa fidia, na watoro zaidi ya elfu moja wa Rabai na vituo vingine wakapewa hati za uhuru. Kituo alichokilinda kipofu mmoja kwa ukaidi wa imani kilikuwa tayari pale walipohitaji pa kukimbilia.

Rebmann hakuliona hilo. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, alisafirishwa kwenda Ulaya. Aliyemshika mkono njia nzima, kupanda meli na kushuka, alikuwa kijana wa huku pwani, Isaac Nyondo. Tafakarini wanangu: Mzungu alikuja kijana akasema nitawaongoza, aliondoka mzee, akiongozwa. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876, katika mji aliokuwa akiishi rafiki yake Krapf.

Siku hizi wamishenari vijana bado wapo, na si Wazungu peke yao. Pengine mmeona Mombasa au Nairobi vijana wawili wawili, mashati meupe, kibao cha jina kifuani. Wengi wao ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu huwaita Wamormoni, kanisa lililosajiliwa Kenya mwaka 1991. Wavulana huanza utumishi wakiwa na miaka 18, kwa miaka 2. Wasichana hutumika kwa miezi 18. Hawachagui nchi ya kwenda. Kwa kawaida huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, husali, husoma maandiko, husoma lugha, kisha hutoka kwa miguu. Hawatembei peke yao. Hawanywi pombe wala chai wala kahawa, kwa hiyo mzee wa pwani akiwakaribisha kahawa tungu, watamshukuru na kuomba maji. Tangu 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na wazazi wao kila wiki kwa simu, jambo ambalo Rebmann, aliyengoja barua kwa miezi, asingeliota. Na Wakenya nao hutumwa nchi za watu, wakajifunza kuwa wageni.

Nawaeleza haya kwa sababu baadhi yenu mtakwenda mbali: wengine kwa masomo, wengine kwa kazi Oman au Dubai, wengine kwa ajili ya dini. Mkifika, anzeni pale Rebmann alipofanya vizuri. Jifunzeni lugha ya wenyeji mpaka muote ndoto kwa lugha hiyo. Tafuteni Salimini wenu, mtu ambaye wengine hawamtazami mara mbili, mkakae chini yake kama wanafunzi. Na epukeni pale alipokosea: msiandike mabaya juu ya mila ya mtu kabla hamjamuuliza maana yake.

Nanyi mnaobaki nyumbani, mkimkuta kijana mgeni mlangoni na kitabu chake cha dini mkononi, si lazima mkubali anachosema. Mpeni kiti, mpeni maji, mwulizeni anatoka wapi na kwa nini amekuja, kisha mwelezeni nanyi mnachokiamini. Wazee wa Rabai walifanya hivyo mwaka 1846, na hawakupungukiwa na kitu. Mkienda makumbusho safari nyingine, andikeni majina yote daftarini: Johannes Rebmann, ndiyo, na pamoja naye Bwana Kheri, Mringe, Salimini, William Jones na Isaac Nyondo. Bila hao, asingefika hata nusu ya njia.